Gauni Lisilotoka Nje

Dobi alikuwa mtu wa maneno machache tangu ujana wake. Mkewe alipofariki, hata yale machache yakapungua. Ukimwambia pole anajibu "nishapoa", kisha anainama kupuliza mkaa wa pasi. Wateja wakamzoea hivyo hivyo. Wakaleta chafu, wakachukua safi, wakaenda zao.

Aliishi chumba kimoja, mlango wake unafungukia barazani. Barazani palikuwa na meza ya kupigia pasi. Uani palikuwa na mabeseni na kamba za kuanikia. Upande wa pili wa baraza, penye kivuli cha paa, palikuwa na stuli fupi, pampu na sanduku la chuma. Hapo ndipo alipokuwa akikaa mkewe. Mtaa mzima ulimwita Fundi, kwa sababu alikuwa akiziba pancha za baiskeli, na hakuna pancha aliyoiziba ikarudi.

Miezi michache baada ya mazishi, binti yao akaja kufungua sanduku la nguo za mama yake. Alikuwa karani wa stoo kwenye kiwanda cha sabuni, mtu wa kupanga vitu, hapendi kitu kikae bila kazi.

"Nguo zikikaa sandukuni zinaliwa na nondo, Baba. Bora ziwafae watu."

Maneno ya kweli. Dobi ni mtu wa nguo, nondo anawajua. Akasema, "Toa." Kisha akachukua ndoo akaenda kuchota maji, kwa sababu hakutaka kuwepo zikikunjuliwa.

Kosa likaingia hapo, na huwezi kumlaumu binti. Alizitoa ovaroli za mama yake, moja akajiwekea yeye na nyingine akamwekea mdogo wake. Blauzi na sketi akazifunga furushi la kugawa. Chini kabisa akakuta gauni la kijani. Limepigwa pasi, limekunjwa, halina doa. Akaliinua kwenye mwanga. Maisha yake yote hakuwahi kumwona mama yake ndani ya gauni lile, wala siku ya harusi ya mtu, wala siku ya msiba wa mtu. Akajiambia, masikini Mama, alinunua kitu kizuri akakiogopa. Akalipeleka kwa mpangaji wa nyumba ya pili, aliyeitwa Mama Lori kwa sababu mumewe ni dereva wa lori. Mama Lori alikuwa amemsaidia sana marehemu wakati wa ugonjwa, na maumbo yao yalilingana.

Dobi aliporudi na maji, sanduku lilikuwa limefungwa. Hakulifungua. Alidhani alichokuwa akikijali kimo ndani bado, kule chini kabisa.

Wiki haikuisha akaliona. Alikuwa mezani anapiga pasi suruali ya mtu. Gauni likapita mbele ya baraza linatoka sokoni, na mboga zinachungulia kwenye kikapu. Alilijua kabla hajamjua aliyelivaa.

"Shikamoo, Mzee," alisema Mama Lori.

Macho ya Dobi yalibaki kwenye gauni, na pasi ikabaki pale pale.

Kinyozi wa kibanda cha jirani, ambaye mdomo wake ni mkali kuliko wembe wake, akatoa kichwa nje. "Mama Lori leo kapendeza, utafikiri anakwenda kuapishwa." Kisha akamtazama Dobi. "We mzee, suruali ya watu hiyo. Inatoa moshi."

Dobi akainua pasi. Suruali ilikuwa imepona, lakini chupuchupu.

Sasa ili mtu aelewe kwa nini mzee wa pasi aduwae kwa gauni, lazima tuanze na ovaroli.

Dobi na Fundi walijuana kwa ovaroli. Siku hizo Dobi alikuwa kijana mwenye mabeseni mawili na pasi ya kuazima. Msichana akaja na furushi kwapani, akalibwaga mezani. Ndani mna ovaroli ya buluu, nyeusi kwa grisi.

"Ya kaka yako hii?" Dobi aliuliza.

"Yangu."

Akamtazama. Msichana naye akamtazama bila kushusha macho, kama mtu anayengoja kuchekwa ili ajue moja.

"Madobi wengine wameikataa," alisema. "Wanasema haitakati."

"Itatakata."

Akaisugua kwa mafuta ya taa, akailoweka, akaisugua tena kwa sabuni. Ilipokauka akaipiga pasi mpaka mishono, akaikunja mikono nyuma na kola juu. Msichana aliporudi akacheka. "Ovaroli ndiyo unaikunja hivi? Kama ya bibi harusi?"

"Nguo ni nguo."

Baada ya siku chache akaileta tena. Dobi akaikunjua, akaigeuza huku na huku.

"Hii haina uchafu."

"Naona."

"Sasa?"

"Sasa ifue."

Dobi hakuwa msomi, lakini hilo alilisoma.

Kazi ya pancha Fundi aliirithi kwa baba yake, ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume na hakuona sababu ya kumngoja. Walipooana, akahamia na pampu yake na vyuma vyake vya kubandulia tairi, baraza wakaligawana. Watu wakasema mpaka wakachoka. Mwanamume anafua sidiria za wake za watu, mwanamke anapiga pampu na kufuta jasho kwa kiwiko. Nyumba ile suruali kavaa nani? Kinyozi, wakati huo kijana, alikuwa akipaza sauti wateja wake wasikie.

"Dobi, leo umefua sidiria ngapi?"

"Muulize mkeo. Yeye ndiye aliyezileta."

Kinyozi hakuuliza tena kwa muda mrefu.

Na Fundi hakuwa wa kushikiwa mdomo. Siku moja alikuja bwana mmoja na baiskeli inaburuta tairi. Akamruka Fundi kwa macho kama anaruka dimbwi.

"Fundi yuko wapi?"

"Unaongea naye."

"Nataka mwanamume."

"Mwanamume yuko pale anapiga pasi. Ukitaka baiskeli ipigwe pasi, mpelekee."

Bwana yule akaziba pancha kwa Fundi miaka yote iliyofuata, na alipozeeka akamtuma mwanawe.

Hayo ya nje. Ya ndani yalikuwa mengine, na Dobi hakuwahi kumwambia mtu.

Mikono yake ilikuwa laini. Kazi ya maji na sabuni huifanya hivyo, ngozi ya vidole inakunjamana kama ya mtoto aliyesahauliwa ndani ya beseni. Ya Fundi ilikuwa na sugu na mikato, na ina harufu ya gundi ya viraka isiyotoka hata kwa ndimu. Mwanzoni mwa ndoa Dobi aliionea haya mikono yake. Alishasikia tangu utoto kwamba mkono wa mwanamume ni mgumu, na wa kwake ulikuwa kama wa mtu anayekanda unga. Akawa anauweka chini ya shuka, mbali. Fundi akautafuta, akaushika, akauweka shavuni pake.

"Unauficha wa nini? Huu ndio ulionioa. Migumu ninayo yangu."

Basi. Hapo haya ikaisha, na haikurudi.

Gauni alilinunua Dobi. Aliona rangi ile kwenye nguo ya mteja, kijani cha jani changa, akaipenda. Akanunua kitambaa, akampelekea fundi cherehani. Vipimo alivitoa kichwani. Ovaroli ya mtu ukiipiga pasi muda mrefu, bega lake na kiuno chake unavijua. Ila kwenye mtindo hakufikiri sana. Nguo ya yule mteja ilikuwa na vifungo mgongoni, kutoka shingoni mpaka kiunoni, naye akasema la mke wangu liwe hivyo hivyo.

Fundi akalivaa, akapeleka mikono nyuma, haikufika.

"Hili linavaliwaje sasa?"

"Geuka."

Akageuka. Dobi akafunga kifungo kimoja baada ya kingine. Walipomaliza Fundi akajitazama kwenye kioo, mbele, kisha ubavuni.

"Nikitoka nalo nje watasema fundi amekufa, ameletwa mwingine."

"Basi usitoke nalo."

Alisema kwa mzaha. Ndivyo ilivyokuwa. Usidhani kwamba Fundi hakuwa mwanamke ndani ya ovaroli. Dobi hakuona tofauti hapo, mwanamke yule yule, na ovaroli yenyewe aliipenda, hasa mgongoni akiwa ameinama kwenye gurudumu. Lakini ovaroli ilikuwa ya mtaa. Kila mtu aliiona. Gauni lilikuwa la watu wawili.

Watoto walipokuja, chumba kikabaki kimoja. Kuna mambo hayasemeki mbele ya watoto hata kwa mafumbo. Wao wakayasema kwa gauni. Nyuma ya mlango palikuwa na msumari. Fundi akitaka, analitoa gauni sandukuni na kuliweka juu ya rundo la nguo za wateja, bila neno. Dobi analipiga pasi, analitundika msumarini. Akitaka Dobi, analipiga pasi bila kuletewa na kulitundika mwenyewe, na Fundi akiingia kunawa anaona. Siku nyingine watoto wakishalala analivaa, anampa mgongo. Siku nyingine analishusha na kumkabidhi mumewe.

"Leo kiuno hakifai. Likunje."

Analikunja. Hapakuwa na kununa. Asubuhi pancha zinazibwa, nguo zinafuliwa.

Hawakuacha walipozeeka. Vijana wanadhani jambo lile lina mwisho, kama leseni. Lilipungua, hilo kweli. Likawa polepole. Mara nyingine likawa ni kufunga vifungo na kufungua vifungo, na mazungumzo ya katikati, na kulala. Vidole vya Dobi vilianza kutetemeka, kifungo kimoja kinakula muda. Fundi anasimama, ameinamisha shingo, anangoja.

"Ukifika kiunoni niamshe," anasema.

Wakati wa ugonjwa aliliomba mara moja, mchana kweupe, watu wa kumtazama wakiwa wamekwenda. Lilimpwaya. Dobi alimfunga vifungo, akamkalisha na mito mgongoni, wakakaa. Hawakusema kitu cha maana. Alizungumzia pampu, kwamba ngozi yake ya ndani imekufa inataka kubadilishwa. Baadaye Dobi akamfungua, akalifua gauni, akalipiga pasi, akaliweka chini kabisa ya sanduku. Na huko chini ndiko binti alikolikuta, akalidhani jipya.

Kwa hiyo Dobi alilitaka. Alilitaka kama mtu anavyotaka jino lake mwenyewe. Lakini nguo imetolewa na ruhusa aliitoa yeye, na kuidai lazima aseme kwa nini. Amwambie nani? Binti yake?

Alijaribu. Binti alipokuja tena akamwandalia kiti, jambo ambalo si kawaida yake, binti akashtuka kidogo.

"Lile gauni," Dobi akasema.

"Lipi, Baba?"

"La kijani."

"Aa. Nimempa Mama Lori. Jipya kabisa lile, Mama hakulivaa hata siku moja. Kwani ulitaka kulifanyia nini?"

Dobi akafungua kinywa. Mbele yake ameketi mtoto aliyembeba mgongoni, ana mkoba wa kazini na viatu vya kufunga. Baba anaanzia wapi?

"Nimeuliza tu," akasema.

Kinyozi alikuwa akimwangalia siku zile, maana amemjua miaka mingi.

"Una jambo, Dobi."

"Sina."

"Mficha uchi hazai."

"Nishazaa wawili."

"Haya. Kaa nalo likuozee."

Likakaa. Kisha Mama Lori akaja na furushi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Kazi hiyo. Mashuka, mashati ya baba watoto, na hili." Akalichomoa gauni, akaliweka juu ya rundo. Pale pale juu ya rundo. "Hili nakuomba usilichome. Jumamosi mwenyewe anarudi, nataka nimpokee nalo."

Dobi akaligeuza. Mgongoni hapakuwa na vifungo. Palikuwa na zipu ndefu, ya kijani, imeshonwa vizuri tu.

"Mbona umeganda, Mzee?"

"Vifungo."

"Nimevitoa. Vyote vile mgongoni, nani anifunge? Mume yuko barabarani wiki nenda wiki rudi. Niende kwa kinyozi nimwambie hebu nifunge? Hata sijui aliyevipanga pale alikuwa na akili gani."

"Alikuwa nazo kidogo," Dobi akasema.

Mama Lori akacheka, akaenda zake.

Dobi akafua mashuka, akafua mashati. Gauni akalibakiza mwisho. Kabla hajalitia maji akalinusa, kwenye kola, kwenye kwapa. Gundi haikuwepo. Palikuwa na manukato ya dukani na moshi wa jiko la mtu mwingine. Akalifua kwa maji baridi, akalianika kivulini lisipauke.

Siku ya kulipiga pasi mkaa ulishika vizuri. Akalitandaza mezani. Hapo likamjia wazo, na lilikuwa wazo jepesi sana. Pasi iko mkononi, na pasi ni yake. Kuiacha itulie kidogo pale kwenye pindo, alama kama ulimi, basi. Mama Lori atasema maneno, Dobi atamlipa kwa gauni lingine zuri zaidi, na hili lililochomwa litabaki kwake. Nani atajua? Dobi mzee, mkono unatetemeka, watu watamwonea huruma.

Akaitua pasi kwenye pindo. Akaona kitambaa kinaanza kung'aa.

Akaiinua.

Hakuwa amechoma nguo ya mtu tangu ile ya mwanzo kabisa ya kujifunzia. Na hii, pamoja na hayo yote, ilikuwa imeletwa na mtu, kwa mkono wake, akamwomba asiichome. Akaipiga pasi yote, mikono, kiuno, pindo, akaizunguka zipu kwa ncha. Akamaliza. Na mawazo yake yakiwa hayapo, mkono ukafanya ulichozoea. Haukulipeleka gauni kwenye kamba ya nguo za wateja. Ukaingia ndani, ukalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

Jumamosi Mama Lori akaja kuchukua. Akayaona mashuka, akayaona mashati. Akapitisha mkono kwenye kamba yote.

"Gauni langu, Mzee?"

Dobi akatazama kamba. Kwa kweli yeye pia alishangaa. Kisha akakumbuka mkono wake ulikokwenda, akakaa kwenye stuli ya marehemu, pale penye pampu.

Mama Lori akachungulia mlangoni, akaliona. "Lile pale. Mbona umelitenga na wenzake?"

Mzee mwingine angepata la kusema. Pale palikuwa na vumbi, pale palikuwa na jua. Dobi alikuwa na uchache wa maneno, na uongo unataka maneno mengi.

"Lilikuwa linakaa pale," akasema.

"Lini?"

"Siku zote. Lilikuwa halitoki nje. Mke wangu alilivaa ndani tu, kwa ajili yangu. Binti hakujua, ndiyo maana alikupa. Vile vifungo nilivipanga mimi, na mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga." Akagusa mpini wa pampu. "Nilitaka kulichoma juzi kwa makusudi, lisikufae. Nikaacha. Ni lako, mwanangu. Lichukue."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoyasema tangu mazishi, na bado hayakujaza kikombe.

Mama Lori alikuwa mtu wa kucheka. Hakucheka. Alisimama na mashati ya mumewe mkononi, akatazama msumari, akatazama chini.

"Na mimi nikasema huyo mtu hana akili."

"Hukujua."

"Sikujua."

Akaingia, akalishusha gauni kwa mikono miwili, kama anayepokea mtoto mchanga wa watu. Akaondoka nalo. Dobi hakumzuia. Alisikia mlango wa nyumba ya pili ukifungwa, akasema moyoni, limekwisha hilo.

Jioni lori likaja likaegeshwa mwisho wa mtaa. Kesho yake mtu na mkewe wakapita mbele ya baraza wamependeza, dereva amevaa shati ambalo Dobi alilijua kwa kola. Mama Lori alivaa sketi nyekundu na blauzi nyeupe. Alisalimia, akapita.

Lori lilipoondoka tena, Mama Lori akaja na mfuko. Akautua mezani.

"Mzee, hili gauni limenibana."

"Limekubana?"

"Kifuani. Hata sipumui. Nimenenepa mwenzio, mashavu haya huyaoni? Lichukue tu, mimi la nini."

Dobi alikuwa amemwona nalo akitoka sokoni na kikapu, anapumua, anasalimia watu, na gauni limemkaa kama limezaliwa naye. Aliutazama uongo ule. Ulikuwa umepigwa pasi vizuri, hauna hata mkunjo.

"Pole kwa kunenepa," akasema.

"Nishapoa."

Ndani ya mfuko, chini ya gauni, palikuwa na leso imefungwa fundo. Vifungo vyote. Dobi akavimwaga kiganjani, akavitazama, akavirudisha kwenye leso. Sindano anayo na uzi anao, kushona kifungo ni kazi ya dobi yeyote. Lakini vifungo vya mgongoni vinataka mgongo. Zipu akaiacha ilivyo.

Maneno hayana miguu lakini hufika. Mwisho wa mwezi binti yake akaja, hakukaa. Akaanza kupanga vyombo vilivyokwisha pangwa.

"Nimeonana na Mama Lori," alisema, amempa baba yake mgongo.

"Mm."

"Anasema gauni lilimbana."

"Mm."

"Na mengine amesema."

Dobi akatafuta kitu cha kushika. Akashika kopo la wanga.

"Mimi ni mtu wa stoo, Baba," binti akaendelea. "Kitu kikitoka mwenyewe hajui, kosa ni langu."

"Si lako. Mimi sikusema."

"Ungesemaje?"

Binti akachukua tambara. Akafuta meza, akafuta mahali pale pale tena. Halafu akageuka. Uso wake ulikuwa umekazwa, kama wa mama yake akiwa na tairi gumu.

"Kuna kingine ambacho sikijui? Niambie tu, nisije nikagawa tena."

Dobi akazungusha macho chumbani. Hakuwa na vitu vingi, na kila kilichokuwepo kilikuwa na lake. Chanuo, ambalo alimchania Fundi nywele mikono yake ikiwa na gundi. Wembe, ambao Fundi alimnyolea ndevu amemkalia magotini, akimwambia usicheke nitakukata. Beseni la kuogea. Yote hayo angeyasema vipi.

"Chanuo acha," akasema. "Beseni acha. Wembe mimi natumia."

"Kioo?"

"Kioo chukua."

"Hakina kitu?"

"Kina. Kidogo."

Binti akauma mdomo wake wa chini. Dobi akakohoa, akaendelea, kwa sababu ukishaanza kupanda mlima mteremko wake uko mbele.

"Na kitanda—"

"Kitanda najua, Baba."

"Unajua nini?"

"Mimi na mdogo wangu tulikuwa tunalala pale." Akaonyesha kwa kidevu, upande wa pili wa chumba. "Hatukuwa viziwi."

Dobi akainama kupuliza mkaa. Pasi ilikuwa haijawashwa. Akapuliza majivu, yakamrukia usoni.

"Mdogo wangu alikuwa anaamka anauliza, dada, ni nini?" binti alisema. "Nikawa namwambia lala, Baba anapiga pasi."

Kisha bega la Dobi likaanza kutikisika, majivu yako kwenye nyusi, na binti alipoona ni kicheko, si kilio, naye akajiachia, akakaa kitandani kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kinyozi akatoa kichwa kibandani kusikiliza, hakupata kitu, akakirudisha.

Walipotulia binti akashusha kioo ukutani, akakifunga kwenye shuka, akakitia kwapani.

"Usikitundike mlangoni," Dobi akamwambia. "Kitundike chumbani kwenu."

"Sawa, Baba."

Akaondoka. Ukutani palibaki mraba mweupe mahali kilipokuwa kioo, na Dobi akaenda kuwasha pasi, maana mashati ya kinyozi yalikuwa yanamngoja tangu asubuhi.